Star Trek: Muvi 13 zilizotoka kwa kipindi kilichofutwa, na venye Uhura wetu ameingia hapo

Ukienda kwa msee wa kuuza muvi umwambie akuwekee Star Trek kwa flashi, kuna uwezekano mkubwa utafika keja upate amekuwekea Star Wars. Usimkasirikie. Zote ziko na anga, zote ziko na meli zinazopaa, na zote ziko na viumbe wenye masikio ya ajabu. Lakini hizi ni stori mbili tofauti kabisa. Star Wars ilizaliwa kwa sinema ndio ikaenda kwa tivii. Star Trek ilizaliwa kwa tivii, ikafutwa, ikakaa benchi miaka kumi, halafu ikarudi na muvi ya bajeti nono. Vipindi vilivyofanya hivyo vinahesabika.

Sasa hii ndio rada kamili. Muvi zote za sinema, mwaka zilitoka, dairekta ni nani, zipi zilichoma, zipi ziliomoka, na uanzie wapi kama hujawahi cheki hata moja. Na kuna kitu kingine ambacho Mkenya hafai kupitwa nacho: kwa hii stori yote, kuna jina letu la Kiswahili limekaa pale mbele kabisa tangu siku ya kwanza.

Ilianzia wapi

Kipindi cha kwanza kilianza kuonyeshwa Marekani na NBC tarehe 8 Septemba 1966. Mwenye aliunda hii kitu anaitwa Gene Roddenberry. Stori ni rahisi: karne ya 23, meli ya angani inaitwa Enterprise, kapteni ni James Kirk (William Shatner), msaidizi wake ni Spock (Leonard Nimoy), nusu binadamu nusu Vulcan, mtu wa hesabu na akili bila kuonyesha hisia. Kisha kuna daktari McCoy, fundi Scotty, Sulu, Chekov, na ofisa wa mawasiliano, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols.

Watazamaji hawakuwa wengi vile NBC walitaka. Mwaka wa 1968 kipindi kilikuwa karibu kufutwa, mafans wakaandika barua nyingi sana hadi kikapewa msimu wa tatu. Lakini 1969 kikafutwa kabisa, sehemu 79 zikiwa zimetoka. Kwa kawaida stori inaishia hapo.

Haikuishia. Stesheni ndogo ndogo za Marekani zilinunua zile sehemu za zamani zikaanza kuzirudia kila siku jioni, na hapo ndio watoto wa shule na wanafunzi wa vyuo waliipata. Kipindi kilikuwa kimekufa lakini watazamaji walikuwa wanaongezeka. Mafans wakaanza kukutana kwa makongamano. Mwaka wa 1976 wakaandika barua tena, hii time kwa serikali, hadi chombo cha kwanza cha majaribio cha NASA cha aina ya shatoli kikaitwa Enterprise.

Studio ya Paramount ikaona hapa kuna doo. Plani ya kwanza haikuwa muvi. Walitaka kuanzisha stesheni yao ya tivii, na kipindi kipya cha Star Trek kingekuwa ndio chambo. Kilikuwa kiitwe Phase II. Seti zilianza kujengwa, skripti zikaandikwa. Kisha ile plani ya stesheni ikaanguka, na mwaka huohuo wa 1977 Star Wars ikatoka ikavunja rekodi. Wadosi wakaangaliana. Ile skripti ya sehemu ya kwanza ya Phase II ikachukuliwa, ikanyooshwa, ikawa muvi.

Mbogi ya zamani: 1979 hadi 1991

1. Star Trek: The Motion Picture (1979). Dairekta ni Robert Wise, mzee aliyekuwa tayari na Oscar kabatini. Kitu kikubwa kinatoka anga za mbali kikielekea duniani, kikimeza kila meli, na kumbe ndani yake kuna chombo cha zamani kilichotumwa na binadamu wenyewe. Wazo ni kali. Shida ni mwendo: kuna mahali kamera inazunguka Enterprise dakika nyingi kama msee anayetaka kukuuzia ndai. Bajeti ilipanda hadi karibu dola milioni 44, pesa ya kutisha enzi hizo, na picha za athari maalum zilimalizika dakika za mwisho kabisa. Wise alibeba kopi ya filamu mwenyewe hadi Washington kwa onyesho la kwanza. Iliingiza karibu milioni 139 dunia nzima. Kwa hivyo iliomoka, lakini studio ikasema haitamwaga pesa hivyo tena.

2. The Wrath of Khan (1982). Hii ndio wengi wanaita namba moja, na sibishani. Bajeti ilikatwa hadi kama milioni 12. Ikapewa produsa wa tivii, Harve Bennett, ambaye alikaa chini akacheki zile sehemu zote za zamani akitafuta adui. Akampata kwa sehemu ya 1967 inaitwa "Space Seed": Khan, mtu aliyeundwa kwa maabara kuwa na nguvu na akili kushinda wengine, ambaye Kirk alimwacha kwa sayari ya mbali. Ricardo Montalban aliyemcheza 1967 akarudi, miaka 15 imepita, amejaa hasira. Dairekta Nicholas Meyer aliishona skripti kwa siku 12 tu. Na cheki hii: Kirk na Khan hawakutani ana kwa ana hata mara moja. Wanatukanana kwa skrini tu, na bado unashika kiti.

Mwisho wake Spock anadedi. Mafans walikuwa wamesikia uvumi mapema, ndio maana muvi inaanza na mtihani feki ambapo anaanguka kama amekufa, useme "aah, kumbe ni hii tu," halafu mwishoni inakupata umejiachilia. Kitu ingine: ile picha ya kompyuta ya sayari ikibadilika kuwa kijani ilitengenezwa na kitengo cha Lucasfilm ambacho baadaye kikawa Pixar.

3. The Search for Spock (1984). Inaanzia pale ya pili iliishia. Nimoy mwenyewe ndio dairekta. Mbogi inaiba Enterprise kutoka kwa wadosi wao ili kumtafutia rafiki yao uhai. Hapa Uhura anapata sini yake moto kuliko zote za zamani: kijana mmoja mwenye kiherehere anajaribu kumletea maringo kazini, anamwelekezea bunduki na kumfungia kwa kabati. Pia hapa ndio lugha ya Klingon ilipewa sarufi kamili na mtaalamu wa lugha, Marc Okrand. Mwaka uliofuata akatoa kamusi. Leo kuna watu wanaibonga.

4. The Voyage Home (1986). Nimoy tena. Hakuna adui, hakuna vita. Kuna sauti inaita nyangumi wa nundu, na karne ya 23 hao nyangumi walishamalizwa na binadamu. Kwa hivyo mbogi inarudi San Francisco ya 1986 kuwachukua. Ni vichekesho mwanzo mwisho, lakini ujumbe unauma: kitu unachomaliza leo, mjukuu wako atakuja kukihitaji. Marekani pekee iliingiza zaidi ya milioni 109. Hata mtu asiyependa mambo ya anga aliicheki.

5. The Final Frontier (1989). Shatner akasema pia yeye anataka kuongoza. Wanaenda kumtafuta Mungu katikati ya galaksi. Maze, hii ilichoma. Athari maalum ni hafifu, stori imejikunja, na ikabeba tuzo za Razzie, zile za muvi mbaya, ikiwemo ya muvi mbaya zaidi ya mwaka. Icheki kama umeshamaliza zingine na uko na mvua nje.

6. The Undiscovered Country (1991). Meyer akarudi kuokoa jahazi. Mwezi wa Klingon unalipuka, himaya yao inayumba, na maadui wa miaka mingi wanalazimika kuketi mezani. Hii ilikuwa stori ya Vita Baridi na ajali ya Chernobyl waziwazi, na ilitoka Desemba 1991, mwezi uleule Muungano wa Kisovieti ulisambaratika. Roddenberry alikufa Oktoba ya mwaka huo, na muvi ikaanza na jina lake. Mwisho, wale wasanii wa zamani wanaweka saini zao kwa skrini, mmoja mmoja. Kama umewacheki tangu mwanzo, utafuta macho.

Mbogi ya Picard: 1994 hadi 2002

Wakati muvi zinaendelea, tivii nayo ilikuwa imeleta kizazi kipya: The Next Generation, 1987 hadi 1994, na kapteni Jean-Luc Picard (Patrick Stewart). Kipindi kilipoisha tu, mwaka huohuo wakahamia sinema.

7. Generations (1994). Dairekta David Carson. Ni muvi ya kupeana kijiti: Kirk na Picard wanakutana, Kirk anadedi. Wengi waliona kifo chake hakikulingana na jina lake.

8. First Contact (1996). Hii ndio kali ya hii mbogi. Dairekta ni Jonathan Frakes, yule anacheza Riker, msaidizi wa Picard. Adui ni Borg, viumbe nusu mashine ambao hawakuui, wanakugeuza uwe kama wao. Wanarudi nyuma hadi 2063 kuzuia binadamu kukutana na viumbe wa sayari nyingine kwa mara ya kwanza. Picard mwenyewe aliwahi kugeuzwa na Borg, kwa hivyo muvi nzima ni msee mwenye heshima akipambana na kisasi chake. Alfre Woodard ndio anamwambia ukweli usoni, na ile sini peke yake inatosha bei ya tikiti. Iliingiza karibu milioni 146.

9. Insurrection (1998). Frakes tena. Wenyeji wachache wanataka kuhamishwa kwa nguvu kutoka sayari yao kwa sababu iko na kitu wakubwa wanataka. Wazo zito, lakini inahisi kama sehemu mbili za tivii zimeunganishwa.

10. Nemesis (2002). Dairekta Stuart Baird. Adui ni nakala ya Picard akiwa kijana, na aliyeicheza ni Tom Hardy, kabla dunia imjue. Bajeti milioni 60, mapato karibu 67 dunia nzima. Ukitoa pesa ya matangazo na mgao wa majumba ya sinema, hiyo ni hasara. Mbogi ya Picard ikaishia hapo kwa sinema.

Mafans walikuwa na sheria yao: muvi zenye namba shufwa ni kali, zenye namba witiri huchoma. Namba mbili, nne, sita na nane zilithibitisha. Nemesis ilikuwa namba kumi. Sheria ikavunjika hapo.

Mbogi mpya: 2009 hadi 2016

11. Star Trek (2009). J. J. Abrams akapewa kazi, mtu ambaye alisema wazi Star Wars ndio ilikuwa mapenzi yake. Akafanya ujanja: adui anarudi nyuma ya wakati, anaharibu historia, kwa hivyo kila kitu kinaanza upya bila kufuta ya zamani. Chris Pine ni Kirk, Zachary Quinto ni Spock, Zoe Saldaña ni Uhura, na mzee Nimoy yuko ndani kama Spock wa zamani. Bajeti milioni 150, mapato karibu 385. Ikabeba Oscar ya vipodozi, na kwa muvi hizi zote ndio Oscar ya pekee.

12. Into Darkness (2013). Hii ndio ilipata pesa nyingi zaidi kwa zote, karibu milioni 467. Benedict Cumberbatch ni adui ambaye walificha jina lake kwa matangazo, kumbe ni Khan. Wengi walilalamika: jina ni Khan Noonien Singh, halafu unamleta Mwingereza mweupe pepe?

13. Beyond (2016). Dairekta ni Justin Lin, yule wa Fast & Furious, na unaona kwa mwendo. Idris Elba ni adui, amefunikwa sura kiasi hutamjua hadi karibu mwisho. Nimoy alikuwa amefariki 2015, na Anton Yelchin, aliyecheza Chekov, alikufa kwa ajali mwezi mmoja kabla muvi itoke, akiwa na miaka 27. Muvi imewekwa kwa kumbukumbu yao. Iliingiza karibu milioni 343 lakini ilikuwa imekula milioni 185, na tangu hapo hii mbogi haijarudi.

Mwaka wa 2025 kukatoka Section 31 ya Michelle Yeoh, lakini hiyo ilienda moja kwa moja kwa Paramount+, haikupitia sinema, ndio maana hesabu inabaki 13.

Sasa tubonge kuhusu Uhura

Hii ndio sababu niliamua kuandika hii kitu yote.

Kwa masimulizi ya Nichelle Nichols mwenyewe, alipoenda kujaribiwa alikuwa amebeba kitabu kinaitwa *Uhuru*, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark kuhusu Kenya ya wakati wa kupata uhuru. Roddenberry akalipenda lile neno. Likalainishwa kidogo, likawa Uhura. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka isiyozidi mitatu. Na ile sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, Septemba 1966, kuna kiumbe anajigeuza mwanaume mweusi na kumwongelesha Uhura kwa Kiswahili. Yaani usiku wa kwanza wa Star Trek, lugha yetu ilikuwa hewani Marekani.

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha. Alisimulia mara nyingi kwamba Martin Luther King ndio alimwambia asitoke, kwa sababu hakuwa anacheza mfanyakazi wa nyumbani, alikuwa ofisa. Akabaki. Baadaye akafanya kazi na NASA kuvutia wanawake na watu weusi wajiunge. Alifariki 2022.

Lakini ukicheki zile muvi sita za kwanza kwa macho makavu, utaona Uhura hakupewa haki yake. Mara nyingi anasema tu simu imeingia. Kwa The Undiscovered Country kuna sini mbogi inahitaji kubonga Klingon ili wapite, na ofisa wa mawasiliano, kazi yake ni lugha, anapekua vitabu akitafuta maneno ili watu wacheke. Nichols aliipinga hiyo sini. Ikabaki.

Angalia sasa venye ilirekebishwa. Kwa muvi ya 2009, Uhura ndio anayenasa ujumbe wa Klingon unaookoa meli, na anajua lahaja za Romulan zote tatu. Kwa Into Darkness anatoka nje peke yake kuongea na Klingon waliojihami, kwa lugha yao, bila kitabu. Na kuna kichekesho kirefu: Kirk anamuuliza jina lake la kwanza tangu wakiwa baa, anamnyima. Muvi inakaribia kuisha ndio Kirk anasikia Spock akimwita. Nyota. Lilikuwa limetumika kwa vitabu tangu miaka ya 80, lakini kwa skrini lilingoja miaka 43. Mmarekani ukumbini alisikia jina tamu tu. Wewe umelielewa bila kuambiwa. Na kwa tamthilia ya Strange New Worlds iliyoanza 2022, akichezwa na Celia Rose Gooding, wakasema wazi: kwao ni Kenya.

Uanzie wapi?

Kama hujawahi cheki kitu, anza na ya 2009. Haihitaji ujue chochote. Ukiipenda, rudi kwa namba 2, 3 na 4 kwa mpangilio huo, kwa sababu ni stori moja ndefu. Kisha namba 6. Kisha 8. Hizo sita zikikuingia, wewe ni mfans tayari, maliza zilizobaki. Zisipokuingia, angalau hujapoteza jioni na namba 5.

Na ukienda kwa ule msee wa muvi, usiseme tu "Star Trek." Mwambie "ile ya Uhura." Akikuuliza ni nani, ndio muanze kubonga.